Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kugundua Madhara kwenye Mguu wa Gurudumu la Mbele la Ndege ya Kujiundia

Wamiliki wengi wa ndege ndogo za kujiundia hufanya ukaguzi uleule baada ya kutua kwa kishindo. Huinama, huutazama mguu wa gurudumu la mbele, huutikisa kwa mkono, na wakiona haukuvunjika huandika kwenye kitabu cha ndege kwamba hakuna tatizo. Baadaye, kwenye uwanja mwingine na kwa kosa dogo zaidi, mguu huo hujikunja chini ya injini na ndege hupinduka kichwa chini.

Ukaguzi wa namna hiyo hushindwa kwa sababu tatu. Mguu ni springi, kwa hiyo unaweza kurudi karibu na umbo lake huku kile kinachoubeba kikiwa kimeumia. Uzito wa ndege huupinda mguu kidogo hata ukiwa mzima, hivyo pindo la kudumu hujificha ndani ya pindo la kawaida. Isitoshe, kifuniko cha mguu na kifuniko cha gurudumu huficha sehemu ambazo dalili za kwanza hujitokeza.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kusanya kila kitu kabla ya kuinyanyua pua ya ndege, kwa sababu si salama kuiacha ndege ikiwa juu ukaenda kuazima spana.

- Kreni ya injini yenye mkanda imara, au nanga ya sakafuni ya kufungia pete ya mkiani.
- Stendi imara ya kuwekwa chini ya pua, na vizuizi vya magurudumu makuu.
- Timazi mbili, uzi mwembamba, chaki ya kamba, na rula ndefu ya chuma.
- Pimamaji ya kawaida na pimamaji ya kidijitali inayosoma nyuzi.
- Kalipa, mizani ya ndoano ya kufikia kilo 20, kipimo cha hewa ya tairi, na spana ya kupimia mkazo wa boliti.
- Tochi kali, kioo chenye mpini, lenzi ya kukuza mara kumi, na kamera.
- Seti ya kupimia nyufa, yaani kisafishio, rangi nyekundu inayopenya, na dawa nyeupe ya kuidhihirisha.
- Vitambaa visivyoacha nyuzi, glavu, miwani ya kinga, kotapini mpya, na nati mpya za kujifunga.
- Michoro ya ndege yako na kitabu cha mtengenezaji wa kiti, yaani seti ya vipande ulivyoundia ndege.

Kama una vipimo ulivyovichukua ndege ilipokuwa mpya, viweke mezani. Vipimo hivyo vina thamani kuliko kifaa chochote katika orodha hii.

## Ndege inayozungumziwa na njia ya mzigo

Hatua hizi zimeandikwa kwa ndege za RV-6A, RV-7A na RV-9A za kampuni ya Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, nchini Marekani, zenye mguu wa muundo wa awali. Mguu huo ni nondo moja ya chuma cha springi inayopungua unene kuelekea chini. Sehemu yake ya juu imeingia ndani ya soketi iliyochomelewa kwenye maunti ya injini, yaani fremu ya mabomba inayobeba injini, na imefungwa kwa boliti inayopita katikati. Chini kuna uma unaobeba gurudumu. Uma huo huzunguka wenyewe kwenye mhimili wake, na rubani hugeuza ndege ardhini kwa breki za magurudumu makuu.

Elewa jinsi ajali inavyotokea, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mahali pa kutafuta dalili. Tairi la mbele ni dogo, kipenyo chake ni kama inchi 11, kwa hiyo shimo ambalo magurudumu makuu hulipita bila shida hulishika. Gurudumu likishikwa, mguu hupinda kuelekea nyuma, na mhimili wa uma hulala hadi nati iliyo chini yake inagusa ardhi. Nati ikianza kulima udongo, mguu hujikunja wote. Mwaka 2007 Van's ilitoa taarifa ya huduma namba 07-11-9 kuhusu mguu na uma wa aina hizi, na mabadiliko yake yaliinua sehemu ya chini ya mhimili mbali zaidi na ardhi. Angalia kwenye rekodi za ndege yako kama mabadiliko hayo yalifanyika, maana vipimo vya uma wa zamani na vya uma mpya havilingani.

Mzigo hupita kwa mfuatano huu: tairi, ekseli, uma, mhimili, nondo, boliti ya soketi, soketi, mabomba ya maunti, boliti za maunti, kisha ukuta wa moto unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Ukaguzi unafuata mfuatano huohuo kutoka chini kwenda juu, na usiishie njiani hata ukikuta kosa mapema. Kukuta ekseli imepinda hakuthibitishi kwamba maunti ni nzima; mara nyingi kunakupa sababu ya kuitilia shaka zaidi.

## Hatua ya 1: Hifadhi ushahidi

Ikiwa tukio linahesabika kisheria kuwa ajali, usiguse chochote hadi mamlaka ya usafiri wa anga ikuruhusu. Kama si hivyo, zima swichi zote, ondoa ufunguo, tenganisha betri, na uichukulie propela kana kwamba injini inaweza kuwaka wakati wowote.

Piga picha kabla ya kufuta udongo. Tafuta mikwaruzo mipya chini ya nati ya mhimili, nyasi au changarawe iliyosongwa kati ya uma na tairi, na mikwaruzo kwenye sehemu ya mbele ya kifuniko cha gurudumu upande wa chini. Nati yenye mikwaruzo inayong'aa inakuambia kwamba mguu ulipinda hadi ukingoni, hata kama sasa unaonekana umenyooka. Ndege yenye alama hiyo isiruke kabla ya hatua zote zilizobaki kukamilika.

Andika pia alichokihisi rubani. Ndege iliyodunda na kugonga ardhi mara kadhaa huumiza zaidi ukuta wa moto. Iliyotua ikienda upogo huupinda mguu kando. Iliyoingia shimoni huupinda kuelekea nyuma. Na ile iliyokokotwa kwa fimbo ya kuvutia kupita kikomo cha uma huumiza vizuizi vya uma, japo haikuruka kabisa siku hiyo.

Ukifanikiwa: una picha za pande zote nne na maelezo ya tukio yenye tarehe, mafuta yaliyokuwamo, na hali ya uwanja.

## Hatua ya 2: Pima ndege ikiwa imesimama, kisha inyanyue

Weka ndege kwenye sakafu tambarare ikiwa tupu, na kiasi cha mafuta kikijulikana. Jaza hewa ya matairi yote matatu kulingana na kitabu. Sukuma ndege mbele na nyuma mita chache ili miguu itulie, kisha pima kimo kutoka sakafuni hadi chini ya nati ya mhimili. Andika namba hiyo.

Sasa inyanyue pua hadi gurudumu liachane na sakafu kwa sentimita tano hivi. Tumia kreni kwenye pete ya kunyanyulia injini, au fungia pete ya mkiani kwenye nanga. Usikandamize ndege kwa kuegemea ukingo wa mkia wa mlalo, na usiinyanyue kwa kushika propela. Mtu yeyote asiwemo ndani. Mara pua inapokuwa juu, ingiza stendi ili usitegemee kreni peke yake.

Ndege ikiwa juu, mguu hauna mzigo. Pindo lolote unaloliona sasa ni ama lile aliloliweka mbunifu au lile lililoachwa na tukio.

Onyo: kama maunti inaonekana imepasuka au injini imeinama, usiinyanyue kwa pete ya injini. Tumia nanga ya mkiani, na uite fundi mzoefu kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Tairi, beringi na ekseli

Vua vifuniko vyote vya mguu na gurudumu. Zungusha gurudumu kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa ulaini bila sauti ya kusaga na bila kusita. Gurudumu linalozunguka kwa shida huuvuta mguu nyuma muda wote ndege inapokimbia, na hivyo hulifanya shimo dogo kuwa hatari kubwa.

Chanzo cha kawaida cha ugumu huo ni boliti ya ekseli iliyokazwa kupita kiasi hadi beringi zikabanwa kutoka pembeni. Ikilegea mno, vipande vya pembeni huzunguka pamoja na beringi na kuukwangua uma kwa ndani. Kwa hiyo tafuta pia alama za mkwaruzo wa mviringo katika kuta za ndani za uma.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Kisha toa ekseli uiviringishe juu ya kioo bapa. Ikiwa mwanga unaopita chini yake unapanda na kushuka, imepinda na haifai.

Ukifanikiwa: gurudumu linazunguka laini, halichezi, na ekseli imenyooka.

## Hatua ya 4: Uma na mhimili wake

Funga ndoano ya mizani kwenye ekseli na uvute kwa upande, pembe mraba na uma. Soma namba pale uma unapoanza kugeuka. Kwa ndege hizi kipimo kinachotakiwa ni takriban pauni 22, yaani kama kilo 10 kwenye mizani. Nguvu hiyo hutokana na washa za springi zilizobanwa na nati ya mhimili.

Kipimo kikiwa kidogo, gurudumu hutetemeka kushoto na kulia wakati wa mbio, na mtetemo huo huchosha chuma cha mguu wote. Kikiwa kikubwa mno, uma haugeuki kwa urahisi na mguu husokotwa. Wengi hukosea hapa kwa kukaza nati papo hapo. Usikaze bado, kwa sababu kipimo kilichobadilika ghafla baada ya tukio ni ushahidi, na ukikaza unaufuta. Andika namba kwanza, kisha fungua uangalie washa, nyuzi za nati, na sehemu ya ndani ya uma.

Tikisa uma mbele na nyuma huku mwenzako akiwa ameweka kidole kwenye kiungo. Mchezo unaohisika kwa kidole maana yake bushi imelika au mhimili umepinda. Geuza uma hadi vizuizi vya pande zote mbili na ukague vizuizi hivyo kwa lenzi. Mwisho, pima kwa kalipa upana kati ya mikono miwili ya uma, juu na karibu na ekseli, ulinganishe na mchoro.

Ukifanikiwa: uma unageuka kwa uzito uleule kushoto na kulia, bila mahali pa kukwama. Ukikwama mahali pamoja tu, washuku mhimili.

## Hatua ya 5: Nondo yenyewe

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa mara nyingi, na inastahili asubuhi nzima.

Usiweke rula juu ya nondo ukitafuta kama imenyooka. Nondo hii inapungua unene, na ina pindo la kiwandani karibu na mwisho wake wa chini, kwa hiyo rula itakuonyesha nafasi hata kwenye mguu mpya. Badala yake, pima mahali mhimili ulipo ukiulinganisha na mwili wa ndege.

Kwanza sawazisha ndege kushoto na kulia. Weka pimamaji ikikatiza reli mbili za ukingo wa chumba cha rubani, na uweke vipande vya mbao bapa chini ya gurudumu kuu la upande ulio chini hadi povu litulie katikati. Bila kufanya hivi, utapima mteremko wa sakafu ukidhani ni mguu.

Dondosha timazi kutoka katikati ya ukingo wa chini wa ukuta wa moto, na nyingine kutoka kwenye pete ya mkiani. Weka alama mbili sakafuni. Nyosha kamba ya chaki ikipita kwenye alama hizo na kuendelea mbele hadi chini ya pua, kisha uipige. Mstari huo ndio uti wa mgongo wa ndege.

Elekeza uma nyuma moja kwa moja, na udondoshe timazi kutoka katikati ya nati ya mhimili. Pima umbali wake kutoka mstari wa chaki, na uandike kama uko kushoto au kulia. Pima pia umbali wa mbele hadi nyuma kati ya alama hiyo na alama ya ukuta wa moto. Halafu weka pimamaji ya kidijitali kwenye uso uliosawazishwa wa sehemu ya juu ya uma, usome mlalo wake wa kushoto na kulia. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachofichua msokoto ambao jicho halitauona.

Sasa teremsha ndege, isukume kidogo, inyanyue tena, na urudie vyote. Fanya hivyo mara tatu. Ikiwa majibu yako yenyewe yanapishana kwa milimita tatu, basi huna haki ya kusema mguu umepinda milimita mbili, wala kusema haukupinda. Boresha upimaji kwanza.

Linganisha matokeo na rekodi za ndege yako. Kama hukuwahi kuziandika, linganisha na michoro, kisha na ndege nyingine ya aina hiyohiyo yenye uma wa toleo hilohilo. Mguu uliorudi nyuma na kimo cha nati kilichopungua katika Hatua ya 2 vikikubaliana, jibu limepatikana.

Baada ya vipimo, safisha nondo yote na uikague kwa lenzi. Zingatia mwanzo wa nyuzi za nati, sehemu ya pindo la kiwandani, na mahali inapoingia kwenye soketi. Rangi iliyopasuka katika mistari midogo inayozunguka nondo inamaanisha chuma kilicho chini yake kilinyooshwa kupita kiasi. Kama kulikuwa na kibanzi cha mbao kilichofungwa kwenye mguu ili kupunguza mtikisiko, kifungue. Nyuma yake unyevu hukaa na kutu huanza, na kijishimo cha kutu ni mahali pazuri sana pa ufa kuzaliwa.

Onyo: usiunyooshe mguu uliopinda, kwa presi wala kwa moto. Chuma hiki kilipewa nguvu zake kwa kupashwa joto kiwandani, na moto wa warsha huziondoa bila kuacha alama. Mguu uliopinda kwa kudumu hubadilishwa.

## Hatua ya 6: Boliti na soketi

Mtu mmoja ashike uma na kujaribu kuusokota kushoto na kulia, polepole lakini kwa nguvu. Wewe tazama mdomo wa soketi kwa tochi. Nondo na soketi zinapaswa kwenda pamoja. Ukiona nondo ikigeuka ndani ya soketi hata kidogo, tundu la boliti limetanuka.

Dalili ya pili ni unga wa rangi ya kahawia nyekundu kwenye mdomo wa soketi. Huo ni chuma kilichosagana kwa miondoko midogo kwa muda mrefu. Ukiufuta kwa kitambaa na ukarudi baada ya safari chache, kiungo kinatembea.

Ili kutoa boliti, hakikisha uma umeshikiliwa kutoka chini, maana nondo inaweza kuteremka ghafla. Pima tundu kwa kalipa katika pande mbili zinazokatana. Tundu la duara hutoa namba moja. Lililotanuka hutoa mbili. Usijaribu kuliziba kwa kuikaza zaidi boliti ileile. Kutanua tundu kwa kipimo kikubwa zaidi na kuweka boliti nene ni kazi inayohitaji kauli ya mtengenezaji wa kiti.

## Hatua ya 7: Maunti ya injini

Hapa ndipo madhara makubwa hujificha. Maunti imetengenezwa kwa mabomba membamba ya chuma aina ya 4130 yaliyochomelewa, na soketi ya mguu imeunganishwa na mabomba kadhaa kwa pamoja. Ufa huanza ukingoni mwa mchomelo, pale chuma kinene kinapokutana na bomba jembamba.

Kabla ya kufungua chochote, tazama nafasi kati ya koni ya propela na kifuniko cha injini. Ikiwa nafasi hiyo ilikuwa sawa pande zote na sasa ni nyembamba chini au upande mmoja, kimojawapo kati ya mpira wa injini, maunti na ukuta wa moto kimesogea. Ni dalili rahisi kabisa, na ni ajabu jinsi wengi wanavyoipita.

Vua kifuniko cha injini. Safisha maeneo ya michomelo kuzunguka soketi hadi mafuta yote yatoke. Rangi ngumu ya unga iliyopikwa huweza kupasuka peke yake bila chuma kupasuka, na pia huweza kubaki nzima juu ya ufa, kwa hiyo mahali unapopashuku paondolewe rangi. Tumia dawa ya kuondolea rangi inayoruhusiwa kwa chuma cha ndege, isiyo na asidi. Usitumie mashine yenye brashi ya waya wala kupuliza mchanga, kwa sababu vitendo hivyo huusukuma uso wa chuma na kuuziba mdomo wa ufa.

Kisha pima nyufa:

1. Safisha kwa kisafishio na uache pakauke kabisa.
2. Paka rangi nyekundu, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, ambao mara nyingi ni kati ya dakika 10 na 30.
3. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa kilicholoweshwa kisafishio kidogo. Usipulize kisafishio moja kwa moja kwenye chuma, kwani kitaitoa rangi iliyoingia ndani ya ufa.
4. Puliza dawa nyeupe kwa safu nyembamba na usubiri kama dakika 10.

Ufa huonekana kama mstari mwembamba mwekundu unaozidi kukolea kadiri unavyosubiri. Mkwaruzo hutoa alama hafifu isiyokua. Uso wa mchomelo usio laini hutoa madoa. Ukishindwa kutofautisha, safisha na urudie. Ufa utarudi mahali palepale kwa umbo lilelile.

Kipimo hiki huona tu nyufa zilizofika usoni. Kwa nondo na maunti yenye thamani ya maisha ya watu wawili, ninashauri vipelekwe kwenye warsha yenye kipimo cha unga wa sumaku ikiwa nati ilikwaruzwa au mguu umepinda, hata kama rangi nyekundu haikuonyesha kitu.

## Hatua ya 8: Ukuta wa moto na sakafu ya mbele

Angalia boliti zinazoifunga maunti kwenye ukuta wa moto. Kama uliweka alama ya rangi kati ya nati na bamba, alama iliyokatika inaonyesha kwamba nati imegeuka au bamba limesogea.

Ingia chumbani, toa zulia na vifuniko karibu na pedali, na umulike tochi ikiwa imelazwa sambamba na bati. Mwanga wa pembeni hufichua mikunjo ambayo mwanga wa mbele huificha. Pembe za chini za ukuta wa moto na bati la sakafu nyuma yake ndizo huumia kwanza. Nje, chini ya tumbo la ndege, tafuta riveti zenye mstari mweusi kuelekea nyuma. Weusi huo ni unga wa alumini unaosagwa na riveti iliyolegea.

Kanyaga pedali hadi mwisho pande zote. Ukuta uliosogea huweza kuzibana.

## Hatua ya 9: Propela na injini

Pima nafasi kutoka ncha ya kila panga hadi sakafuni, na utafute mikwaruzo. Ikiwa propela iligusa ardhi injini ikizunguka, acha kuhesabu mguu kuwa ndilo tatizo kubwa. Kwa injini za Lycoming, agizo la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, namba 2004-10-14 linataka gia ya nyuma ya shafti kuu na boliti yake vikaguliwe baada ya propela kugonga, na taarifa ya Lycoming namba 533 inaeleza hatua zaidi. Injini za Rotax zina maelekezo yake. Panga la mbao lililovunjika halikusamehi ukaguzi huo.

## Hatua ya 10: Uamuzi

Mguu, ekseli au uma uliopinda, tundu lililotanuka, ufa wowote, au mkunjo kwenye ukuta wa moto: ndege hairuki. Mtumie mtengenezaji wa kiti picha na vipimo vyako, vikiwa na namba za sehemu na toleo la uma. Atakujibu vizuri zaidi ukimwambia "mhimili uko kando ya mstari kwa milimita tisa" kuliko ukimwambia "umekwenda kombo kidogo".

Ugumu wa gurudumu, hewa pungufu, na mkazo wa uma usio sahihi hurekebishwa hangarini, mradi hatua nyingine zote zimetoka safi. Kotapini na nati za kujifunga zilizotolewa zisirudishwe.

Nchini Marekani, aliyeiunda ndege na kupewa cheti cha fundi wa ndege hiyo anaweza kutia saini ukaguzi wake wa kila miezi 12. Aliyeinunua ikiwa tayari imeundwa hapati ruhusa hiyo kwa kuinunua tu; atafute mwenye cheti kinachomruhusu. Kama ndege imesajiliwa Kenya au Tanzania, waulize KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo, ni nani anayeruhusiwa kutia saini kabla hujaanza matengenezo, si baada ya kumaliza.

## Ikiwa mguu wako si wa nondo

RV-10 na RV-14A zina mguu wenye bawaba na vipande vya mpira vinavyobanwa. Humo kagua mpira uliopasuka au kubonyea, na boliti ya bawaba. Ndege kama Zenith CH 750 zina bomba linaloteleza juu na chini likizuiwa na kamba nene ya mpira. Tafuta kamba iliyochanika, bomba lililokwaruzwa na kukwama, na vishikio vyake kwenye ukuta wa moto. Upimaji wa Hatua ya 5 na ukaguzi wa Hatua ya 8 haubadiliki kwa aina yoyote.

## Kurudi ardhini na angani

Baada ya matengenezo, rudia vipimo vyote vya Hatua ya 2, 4 na 5, na uviandike kwenye kitabu cha ndege kama vipimo vipya vya msingi. Endesha ndege ardhini kwa mwendo wa kutembea, bila abiria, usukani ukiwa umevutwa nyuma ili kupunguza mzigo wa gurudumu la mbele. Simama, kagua mdomo wa soketi na alama za rangi kwenye nati. Ongeza mwendo hatua kwa hatua, ukikagua kila mara.

Safari za kwanza zifanyie kwenye njia ya lami. Viwanja vya nyasi na changarawe visubiri hadi umekagua mkazo wa uma tena baada ya kutua mara kadhaa, kwa kuwa washa mpya hukaa na kipimo hushuka. Na baada ya mvua, tembea kwa miguu urefu wote wa njia kabla ya kutua hapo tena, ukitafuta mifereji iliyochimbwa na maji ikikatiza njia.